Kikao cha Jumamosi: malimbikizo ya ada ya huduma

Majirani wapendwa, hamjambo?

Tunakutana Jumamosi saa kumi jioni, pale langoni kwenye kibanda cha mlinzi. Ajenda ni moja: nyumba 5 ambazo hazijalipa ada ya KSh 3,500 kila mwezi, kwa mwaka mzima. Kila moja inadaiwa KSh 42,000. Mwezi uliopita walinzi walipata mshahara tarehe 11, na mmoja wao alibisha kwangu usiku kuomba nauli ya kwenda kwake. Iliniuma sana.

Tukilazimika kwenda mahakamani kudai pesa hizi, wakili si lazima. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Lakini bila karatasi hatuna kesi. Kwa hivyo:

1. Mweka hazina alete daftari la malipo na taarifa za M-Pesa za mwaka mzima.
2. Katibu alete katiba iliyotiwa sahihi, na kumbukumbu za mkutano uliopitisha ada.
3. Barua za madai zitangulie, na siku 14 za kulipa. Anayetaka kulipa kidogo kidogo anipigie, tutaandikiana. Aliyepoteza kazi tuzungumze naye ana kwa ana kabla ya barua yoyote.

Tafadhali tusitaje nambari za nyumba hapa kikundini.

Jibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Asiyeweza kufika amtume mtu mzima wa nyumbani kwake.

Asanteni sana.
Mwenyekiti