Kabla hujanunua tranka

Shoga yangu Tatu,

Za huko Mwanza? Sisi hatujambo, ila mvua imetukomesha. Bahati kaniambia unamtafutia Nuru bweni, eti anaingia darasa la tano na lile zuio la serikali la 2023 la kuwalaza watoto wadogo bweni linaishia la nne. Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nakujua.

Umesahau? Sisi tulipelekwa tukiwa wadogo kuliko Nuru. Nililia, matroni akasema anayelia hatatembelewa. Nikanyamaza. Likizo mashangazi wakawa wananisifu: huyu mtoto hana shida. Na hadi leo sina! Baba Imani akiniudhi, nafua mapazia. Akiuliza nina nini, namjibu sina kitu, na kweli sijui nina nini. Juzi Imani kaumia goti, akaenda kujisafisha mwenyewe bafuni. Hakuniita. Tatu, mimi hilo nimemfundisha lini?

Kwenye kozi yangu ya jioni tumesoma habari za Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyechunguza watoto na mama zao. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa vijijini karibu na Kampala, akiwatazama kina mama wa Kiganda na vichanga vyao. Waliokuwa na mengi ya kusimulia kuhusu mtoto, hata vijimambo vidogo, ndio ambao watoto wao walitulia nao. Baadaye, huko Marekani, akawatazama watoto wa mwaka mmoja mama akitoka chumbani kidogo. Wapo wasiolia, na mama akirudi wala hawamkimbilii. Ungesema wamekomaa. Watafiti wengine walipowapima mapigo ya moyo, kumbe yanakwenda mbio! Nikamkumbuka matroni, nikafunga daftari.

Sisemi bweni ni sumu. Zawadi alilala kitanda cha juu yangu, na leo analia hadi kwenye tamthilia za Kituruki, mumewe anambembeleza. Lakini yeye kila likizo bibi yake alimkalisha jikoni akamhoji mpaka yote yamtoke. Mimi nilikuwa naulizwa nimeshika namba ngapi. Najua pia zamu zako za usiku, na mama mkwe naye… tuyaache.

Nuru mwenyewe anasemaje? Umemuuliza, au umemwambia tu? Akionewa huko, jioni atamwambia nani? Na bado anakusimulia ya shule, au ameshaanza kusema "sina kitu"? Kwa nini usimlete kwangu Desemba, nawe upumue kidogo? Nijibu kabla hujalipa ada. Halafu kanga yangu uliyoazima kwenye harusi ya Bahati, utairudisha lini?

Wako,
Mwajuma