Barua kwa Mwanaisha wa Jambiani

Mombasa

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie huko Jambiani, Unguja, wewe, mama na watoto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Kusi imeshika na wavuvi wengi wamepandisha vyombo vyao pwani.

Uliniuliza huyo Sylvia Earle ni nani hasa, maana ulimsikia akitajwa kwenye semina yenu ukadhani ni mwanasiasa. La, shoga. Huyo ni mwanasayansi wa bahari, mtu wa mwani kama wewe, na sikuona vyema nikujibu kwa mistari miwili.

Alizaliwa mwaka 1935 huko New Jersey, Marekani, akakulia Dunedin, Florida, ambako Ghuba ya Meksiko ilikuwa mlangoni pao. Udaktari wake, alioupata Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1966, ulihusu mwani wa kahawia wa ghuba hiyo. Katika kazi hiyo alikusanya sampuli zaidi ya 20,000. Watu humsifu kwa rekodi za kuzamia wakasahau kule kuinama, kuchuma, kukausha, na kuandika kila kipande kilitoka wapi na lini. Mimi naona nguvu zake zote zimetoka hapo.

Na je, unajua alipita hapa kwetu? Mwaka 1964 meli ya utafiti Anton Bruun iling'oa nanga Mombasa katika Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi. Wanaume walikuwa 70, mwanamke yeye peke yake, naye ameacha watoto wawili wadogo nyumbani. Gazeti la hapa mjini likamhoji. Kichwa cha habari kikawa kwamba Sylvia anasafiri na wanaume 70 na hatarajii matatizo. Linaniuma hilo mpaka leo. Mtu amevuka bahari kuja kusoma maji yetu, nasi tukahesabu wanaume!

Mwaka 1970 akaomba kuishi katika Tektite, nyumba iliyojengwa chini ya bahari kwenye Visiwa vya Virgin vya Marekani, kiasi cha mita 15 kwenda chini. Alikuwa amekwisha zamia saa zaidi ya 1,000, lakini wakubwa hawakukubali wanawake na wanaume walale nyumba moja. Basi ikaundwa timu ya wanawake watupu, yeye akiwa kiongozi wao. Wakakaa huko wiki mbili, wakitoka usiku na mchana kuangalia samaki wanavyokula mwani kwenye matumbawe. Anasema alifika mahali pa kumtambua samaki mmoja mmoja kwa tabia yake. Tangu niliposoma hayo, simwoni tena changu ndani ya tenga kama nilivyomwona zamani.

Mwaka 1979 alivaa vazi gumu la kuzamia, akashushwa na nyambizi ndogo mpaka mita 381 karibu na Oahu, Hawaii, akatembea sakafuni mwa bahari saa mbili na nusu. Hiyo ndiyo inayotajwa kila mahali, siirefushi. Mwaka 1990 akawa mwanasayansi mkuu wa NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Vita vya Ghuba ya Uajemi vilipomwaga mafuta baharini huko Kuwait, yeye alikwenda kuangalia madhara. Mwaka 1992 akaacha kazi, kwa kuwa alitaka aseme wazi anayoyajua. Huo uamuzi ndio ninaouheshimu kuliko kile kina cha mita 381. Mwaka 2009 akapata tuzo ya TED, jukwaa la mihadhara la Marekani, akaianzisha Mission Blue, shirika linalopigania sehemu muhimu za bahari zitengwe zisivuliwe ovyo.

Jambo moja sitalificha. Yeye hali samaki kabisa, na huwahimiza wengine wafanye hivyo. Kwetu samaki ndiye kitoweo, na ukimwambia mvuvi wa Msambweni aache, utakuwa umemfungia jiko. Lakini meli kubwa zinazokokota nyavu sakafuni na kuzoa kila kitu si mishipi ya wazee wetu. Na kutenga bahari si jambo geni kwetu: wavuvi wa Kuruwitu, kule Kilifi, walijiwekea tengefu yao wenyewe, na samaki wakarudi.

Sasa nakuja kwako. Kilimo cha mwani kilianza hapo Jambiani na Paje mwaka 1989, na mama yako amekiona tangu mwanzo. Unaniambia kotonii, mwani wenye bei nzuri, inakufa maji yakipata joto, mnabaki na spinosum, aina nyingine isiyo na bei. Maneno hayo yakibaki mdomoni, ofisini watasema ni malalamiko ya kina mama. Yaandike, Mwanaisha. Bamvua hii maji yalikuwaje, kamba ngapi zilioza, kotonii ilianza kubadilika rangi siku gani. Mkae na bibi zenu mtaje na mwani wa porini uliokuwepo zamani, mahali ulipoota, na mwaka ulipopotea.

Binamu yangu atavuka wiki ijayo, nimempa daftari mbili na kalamu za risasi, maana wino hauwezi maji. Moja yako, moja ya mama, na yale ambayo mama hawezi kuandika wewe umwandikie. Ukimaliza kurasa za mwanzo zipige picha unitumie. Niambie pia kama kina mama wa kikundi chako wangependa nije tukae pamoja msimu ukibadilika.

Wako akupendaye,
Saumu