Bustani ya shule iwe na pembe ya maskini

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu bustani za shule hapa Goma. Imetaja mbegu na vipimo tu, wala haikusema mavuno ni ya nani. Tangu mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi za Kongo husimamiwa na makanisa, na Waislamu nao wana zao. Imani hiyo ionekane basi hata kwenye matuta. Katika Biblia, Walawi 19:9-10 inamkataza mkulima kuvuna hadi pembeni mwa shamba, ili maskini wapate, na Kurani, sura ya 6 aya ya 141, inaamuru haki ya mavuno itolewe siku ya kuvuna.

Kwa hiyo naomba kila shule itenge tuta moja la lengalenga (mchicha), karibu na mlango, ambapo mjane au mkimbizi atachuma bila kuulizwa jina. Juu ya mawe haya ya volkano udongo hubebwa kwa mifuko, na hakuna familia inayoweza kuubeba peke yake. Kamati za wazazi ziitishe salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, kabla ya mvua za Septemba, wazee wa mtaa wakiwemo.

Mzazi, Goma