Majina ya wakopaji wa asilimia 10 yabandikwe mitaani

Mhariri,

Naandika kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kufichua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Imerejea mwaka 2024, na ni jambo jema, kwani mama lishe na fundi cherehani hawana hati ya nyumba ya kupeleka benki.

Hata hivyo, kikundi hewa hakitambuliwi na mfumo wa kompyuta pekee. Majirani ndio wanaojua kama mradi wa kuku upo au haupo. Fedha hizi zinatokana na ushuru wa masoko na leseni zetu, hivyo tuna haki ya kujua zinakokwenda.

Naiomba TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, iagize kila halmashauri ibandike kwenye ofisi za kata na mitaa majina ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi, aina ya mradi na marejesho, kisha taarifa hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa kila robo mwaka.

Msomaji,
Morogoro