Mhariri, hao "wadau" ni akina nani?

Mhariri,

Kila Juni, bajeti ikishasomwa Dodoma, magazeti yetu huandika kwamba "wadau wameipongeza" au "wadau wameomba iangaliwe upya". Nimelima tumbaku hapa Urambo tangu ujana, na kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao. Nikilikuta neno hilo huwa naweka gazeti chini. Mdau ni nani? Hana jina? Nani kamtuma, na nauli ya Dodoma kalipiwa na nani?

Nauliza kwa kuwa nami nimewahi kuwa mdau. Kwa siku moja.

Ilikuwa mwezi wa tatu, tumbaku iko kwenye mabani ya kuikaushia kwa moto wa kuni, na moto haupaswi kuachwa. Tukaitwa makao makuu ya wilaya kutoa maoni juu ya rasimu ya kanuni za zao. Rasimu yenyewe tulipewa mlangoni saa tatu asubuhi, kurasa arobaini na kitu, nyingi kwa Kiingereza. Saa nne na nusu tukaambiwa muda wa maoni umefika. Viti vya mbele vilikuwa na majina, sisi tukakaa nyuma. Aliyesimama kusema kwa niaba yetu alikuwa kijana wa suti ambaye sijapata kumwona kwenye soko lolote la tumbaku. Akaanza: "Sisi wakulima..."

Jirani yangu akaninong'oneza, "Hebu mtazame mikono."

Ukichuma tumbaku mbichi, gundi yake huganda viganjani mpaka mikono inakuwa myeusi, na kwa sabuni ya kawaida haitoki. Wiki ile hapakuwa na mkulima mwenye mikono safi wilaya nzima. Ya kijana yule ungedhani ni ya karani wa benki. Nisimwonee, alizungumza vizuri, na mengine aliyosema hata mimi ningeyasema. Ila hakuna chama kilichomchagua, na mpaka leo sijui aliletwa na nani. Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukachukua posho na soda, tukarudi kuchochea moto. Karatasi ile ndiyo ushahidi kwamba wakulima walishirikishwa.

Silaani ushawishi wenyewe. Mtu kumwendea mtawala na kumweleza kinachomuuma ni haki yake, awe mwenye kiwanda au mwenye ekari mbili. Na milango ipo. Kamati za Bunge huita watu watoe maoni juu ya miswada. Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi kabla ya bajeti. Tangu 2001 lipo Baraza la Taifa la Biashara, ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Lakini kampuni ina mwanasheria na mhasibu wanaolipwa mshahara kuusoma muswada usiku ule ule unapotoka. Sisi tuna katibu mwenye kitochi, anayemwomba mwanawe bando ili aupakue. Tena tusisahau kwamba mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika nchi nzima, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Sijasikia kampuni ya sigara iliyokaa miaka sita bila msemaji.

Nitoe mfano wa ushuru wa mazao, maana huo tunaujua kwa vidole. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3, na wa chakula ukawa asilimia 2. Tuliambiwa ni nafuu kwa mkulima. Kwa mwenye mahindi ilikuwa nafuu kweli: mzigo usiozidi tani 1 ukaruhusiwa kuvuka halmashauri bila kutozwa, na sisi tuliokuwa tukibishana na vijana wa mageti tulishukuru. Lakini ushuru wa mazao, kisheria, hulipwa na mnunuzi. Tumbaku ya shilingi milioni 100 ikiuzwa ghalani, halmashauri ilikuwa ikipata milioni 5 kutoka kwake, sasa inapata milioni 3. Hizo mbili zilizobaki zilikwenda kwa nani? Katika kijiji chetu sikumwona mnunuzi akipandisha bei kwa sababu hiyo. Huenda uamuzi ule ulikuwa na hesabu zake nzuri na labda ningeukubali, ila ningependa kujua nani aliuomba, kwa barua ya lini, na kama yupo aliyesimama upande wa zahanati zetu zinazotegemea ushuru huo.

Halafu kuna hili linaloniudhi zaidi, na nalisema nikiwa mtu ambaye watoto wake wote wamesomeshwa na tumbaku. Kila sheria ya kubana sigara inapotajwa, hoja ya kwanza kusikika ni kwamba mkulima wa Tabora atakufa njaa. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya 2003. Tuliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka huo huo, Uganda 2015. Wanaotulilia njaa hawajawahi kunisomea kifungu cha 17 cha mkataba huo, kinachotaka serikali zisaidie wakulima wa tumbaku kupata kazi nyingine zenye tija. Wala cha 5.3, kinachotaka sera ya afya ilindwe dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku. Huku kwetu asali ipo, karanga zipo, na miombo inayokatwa kwa ajili ya mabani ndiyo hiyo hiyo nyuki wanayoitegemea.

Mtindo huu wa kutanguliza mkulima mbele na kujificha nyuma yake si mgeni. Kesi za Marekani zilizoishia kwenye mapatano ya 1998 zilizifunua nyaraka za ndani za kampuni za sigara. Ndani yake ilionekana kwamba kampuni hizo zilikuwa zikigharimia umoja wa kimataifa wa wakulima wa tumbaku, ulioanzishwa 1984, ili upinge hatua za Shirika la Afya Duniani kwa sauti ya mkulima. Huko huko Marekani, tangu sheria ya 1995, anayelipwa kushawishi Bunge lao sharti ajiandikishe na aeleze anamsemea nani. Ushawishi haukuisha, na fedha zinazomwagwa humo ni nyingi mno. Lakini mwandishi wa gazeti anaweza kufungua daftari na kusoma majina.

Mimi nilijaribu hapa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tunayo tangu 2016, basi nikaenda ofisi moja ya umma, sitaitaja, nikaomba orodha ya waliopeleka maoni ya maandishi juu ya ile rasimu yetu. Nikaambiwa nije Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa mwenye faili yuko safarini. Nikaacha, maana ulikuwa msimu wa kuandaa vitalu.

Ndiyo maana nimekuandikia wewe badala ya kurudi kule. Naomba gazeti lako liliache neno "wadau" likiwa peke yake. Mwandishi akiandika kwamba wadau wamependekeza, ataje ni chama gani, kina wanachama wangapi, na nani analipia ofisi yake. Akinyimwa jibu, aandike kwamba amenyimwa.

Nasikia kikao kingine cha wadau kinaitwa mwezi ujao. Mwandishi wako wa Tabora akija, tafadhali asikae viti vya mbele. Mlangoni huwa tunamwachia mgeni nafasi, na rasimu tutaisoma pamoja.

Mkulima na katibu mstaafu wa AMCOS,
Urambo, Tabora