Gitaa la nyuzi 12: kabla hujapenda sauti, angalia daraja

Wateja wanakuja wanatuambia "nataka la nyuzi kumi na mbili lenye sauti tamu", na sisi tunawajibu sauti tamu yote yanayo, hata lile bovu, ukilikung'uta mara moja tu linakujaa masikioni na hela ishatoka mfukoni. Kwa hiyo sauti iache kwanza.

Iko hivi. Nyuzi zinakaa jozi sita, E nene, A, D na G kila moja ina mwenzake mwembamba wa okteva moja juu (nota ileile ila kwa sauti ya juu zaidi), halafu B na E ndogo zinapewa pacha wa sauti ileile. Sasa gitaa la kawaida nyuzi zake sita zinavuta kilo 70 na kitu hivi, hili linavuta zaidi ya kilo 100, na linavuta muda wote hata kama limetundikwa tu ukutani hakuna anayelipiga. Ndo hapo mbao ya mbele inaanza kuvimba, daraja (kile kibao kilichogundishwa hapo mbele nyuzi zinapofungwa) linabanduka, shingo inakuja mbele taratibu na nyuzi zinainuka mbali na shingo mpaka vidole vinaomba poo.

Ukienda kununua, hasa la mtumba, nenda na kipande cha karatasi nyembamba, jaribu kukichomeka chini ya daraja kwa upande wa nyuma, ule ulio mbali na tundu la sauti. Kikiingia hilo limeshaanza kung'oka. Halafu lilaze kwenye mwanga uangalie mbao kwa ubavu, kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida kwa hizi gitaa usiogope, ila ukiona kichuguu kabisa, au mbele ya daraja pamezama kuelekea tundu, shukuru uondoke. Angalia pia kile kifupa cheupe nyuzi zinapopandia darajani: kama kimesuguliwa hadi kimebaki kidogo sana na bado nyuzi ziko juu, ujue mwenye nalo alishajaribu kuzishusha na nafasi imeisha, kinachobaki ni kubandua shingo na kuipachika upya, na kwa gitaa la bei ya chini hiyo kazi inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Shingo nayo ni pana, pale juu karibu na kichwa mengi yana kama milimita 47 au 48 wakati la nyuzi sita ni 43 au 44. Usiamini macho, shika kodi ya F kamili (kidole kimoja kinabana nyuzi zote) halafu gusa uzi mmoja mmoja, zote 12, si kukung'uta, maana ukikung'uta uzi mmoja uliokufa unafichwa na mwenzake. Ukimaliza shuka freti ya 12 (freti ni vile vichuma vilivyokatiza shingo) usikilize kila jozi kama bado inaelewana.

Kukaza, yaani kuziweka nyuzi kwenye sauti yake: wapigaji wengi wanashusha nyuzi zote nota moja nzima, yaani E inakuwa D, wakitaka sauti ya kawaida wanabana kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya pili. Tunakushauri ufanye hivyo tangu siku ya kwanza, gitaa linapumua na vidole pia. Mwanamuziki Lead Belly wa Marekani, mfalme wa hizi nyuzi 12, alikuwa anashusha hata zaidi ya hapo. Na weka akiba ya ule uzi mwembamba wa G, unakazwa juu kuliko hata E ndogo kwa hiyo ndo unaokatika kila mara.

Pikapu (kifaa cha kunasa sauti ili gitaa liunganishwe na spika) sio lazima, inaweza kuwekwa baadaye. Na kama ndo gitaa lako la kwanza kabisa, kwa kweli sisi tungekuuzia la nyuzi sita.

Ukiwa umeshaona la mtumba mahali na huna uhakika, tutumie picha tatu kabla hujalipa: daraja kwa ubavu, kile kifupa kwa karibu, na shingo ukiwa umeilenga kutokea kichwani.