Saa ya kuzaliwa iandikwe sawasawa

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako nizungumzie safu ya nyota. Nilikuwa mkunga hapa Tanga hadi nilipostaafu, na kila mtoto niliyempokea nilimwandikia saa na dakika kwenye daftari la wodi. Hadi leo akina mama wananisimamisha sokoni: "Bibi, hivi mwanangu yule alizaliwa saa ngapi?" Zamani waliuliza kwa kumbukumbu tu. Sasa wanataka kumtolea mtoto chati ya nyota kwenye simu.

Tangu enzi za marehemu mnajimu Sheikh Yahya Hussein tumezoea kuulizana "nyota yako nini?" na kujibu Nge, Simba au Mizani. Hilo ni jibu la Jua peke yake, yaani buruji (moja ya sehemu kumi na mbili za njia ya Jua angani) ambamo Jua lilikuwemo siku uliyozaliwa, na Jua hukaa humo karibu mwezi mzima. Chati kamili ni mchoro wa anga la dakika ile, likitazamwa kutoka pale ulipozaliwa: duara la nyuzi 360, buruji kumi na mbili za nyuzi 30 kila moja, na ndani yake Jua, Mwezi, Zuhura, Mirihi, Zohali na wenzao. Mwezi huhama buruji kila baada ya siku mbili na nusu hivi. Buruji inayochomoza upande wa mashariki ndiyo yenye haraka kuliko zote, maana kila baada ya saa mbili hivi inakuja nyingine. Na hiyo ndiyo wanajimu huanzia kuhesabu nyumba kumi na mbili, yaani sehemu za chati zinazosimamia mambo ya maisha: ya kwanza mtu mwenyewe, ya pili mali, ya saba ndoa, ya kumi kazi.

Hapo ndipo saa inapoharibu mambo. Binti mmoja wa jirani alizaliwa tarehe 12 Agosti, saa nne asubuhi. Kwenye simu akaandika 4:00, badala ya 10:00. Programu ikamwambia Kaa ndiye aliyekuwa akichomoza, na Jua lake, lililo Simba, likaangukia nyumba ya mali. Tulipoandika 10:00, ikatoka Mizani, na Jua likahamia nyumba ya kumi na moja, ya marafiki. Buruji tatu zimerukwa kwa sababu ya saa sita tu! Na sisi wa huku karibu na ikweta tuna njia rahisi ya kukagua: aliyezaliwa jua linapochomoza, buruji yake inayochomoza ni ileile ya Jua lake, kisha ongeza moja kwa kila saa mbili hivi.

Tusichanganye pia na nyota ya jina, ile ambayo waalimu wa Pwani huitafuta kwa kujumlisha herufi za jina lako na la mama yako kwa abjadi, hesabu inayoipa kila herufi ya Kiarabu namba yake, wakagawa kwa kumi na mbili na kutazama kinachobaki. Ile haiulizi saa wala tarehe. Ni elimu nyingine kabisa.

Kwamba nyota zinaongoza maisha ya mtu, sayansi haijathibitisha, na viongozi wa dini wana yao ya kusema. Lakini nimeona posa ikirudishwa kwa kuwa binti ni Nge na kijana ni Simba, watu wazima wakikubaliana kwa mistari minne ya gazeti. Iliniuma sana. Hata kwa kanuni za unajimu wenyewe, hakuna aliyekuwa amewasoma vijana wale.

Kwa hiyo naomba juu ya safu hiyo muandike kwamba utabiri ni wa Jua tu. Na kwa waliozaliwa siku Jua linapohama, kama tarehe 22 au 23 Septemba, waambieni kwamba mpaka wa Mashuke na Mizani si lazima uangukie usiku wa manane. Unategemea mwaka na saa. Wazazi nao waandike saa kamili nyuma ya kadi ya kliniki, pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku, kabla mkunga hajastaafu.

Mkunga mstaafu,
Tanga